Kinu Kilichofungiwa Bukoto

Alhamisi mchana, ukipita uchochoro ule wa Bwaise, jijini Kampala, unaoteremka kutoka Barabara ya Bombo kuelekea mtaro mkubwa, kuna sauti moja huisikii. Si kwamba pako kimya. Bwaise haijui kimya. Mashine ya kusaga inanguruma, redio za vibanda zinashindana, bodaboda wanatukanana kwa honi, na daima kuna mtu mahali fulani anapigilia bati. Lakini katikati ya makelele hayo palikuwa na mdundo wa michi miwili katika kinu kimoja, mmoja unashuka mwingine unapanda, na huo haupo tena. Ni kama jino lililong'oka. Mdomo umejaa meno, ila ulimi unakwenda palepale penye pengo.

Wa kwanza kulisema alikuwa Erinayo, fundi wa viatu ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yenye kinu hicho. Huyu alikuwa adui wa kinu tangu siku ya kwanza. Kila Alhamisi aligonga ukuta kwa nyundo na kupaza sauti: "Nyinyi Wakongo nakula majani kama mbuzi, sawa, kula! Lakini mbuzi hapana piga kerere!" Nao akina mama upande wa pili walicheka mpaka wakaegemeana. Nyumba ilipofungwa, alimwona Kahambu, mwenye kinu, akipita na beseni la nguo kichwani, akamwita.

"Nyabo, kerere yako imeenda wapi?"

"Imefungwa, Baba."

"Nani anaweza kufunga kerere?"

Kahambu alifikiri kidogo. "Watu wa ng'ambo."

Erinayo aliutazama ukuta, kisha kiatu kilichokuwa mapajani mwake. "Sasa nani ataniamsha? Nikikura chakura nalala, nyundo mkononi. Wateja wanafikiri nimekufa."

Kahambu alicheka, akashukuru kwamba beseni lilimfunika uso.

Alizaliwa katika vilima vya juu ya Butembo, Mnande kwa baba na mama, katika nyumba ambayo sombe, mboga ya majani ya mhogo, ilitwangwa karibu kila siku. Mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akishika mchi alikuwa mtu mwingine. Mambo ambayo hakuyasema mezani wala kanisani aliyasema pale, macho yakiwa kwenye majani ya mhogo, mkono ukipanda na kushuka. "Mkono ukiwa na kazi, mdomo husahau kuogopa," alimwambia binti yake. Vita vilipofika vilimchukua mama huyo pamoja na nyumba na kinu chake, na Kahambu akavuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Gradi, na ndiye aliyempa jina ambalo Wakongo wote wa Bwaise wanamwitia: Mama Gradi.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka mtaro ukafurika, ukaung'oa mfenesi uliokuwa ukingoni. Watu waligombania matawi kwa ajili ya kuni. Kahambu aliomba kipande cha shina. Bienfait, seremala mzee kutoka Beni, alikichonga taratibu kwa majuma kadhaa, akalipwa kwa sahani za sombe. Kinu kilipokamilika kilimfika Kahambu kiunoni, na kwa miezi ya mwanzo kilitoa harufu tamu ya fenesi kila kilipopata maji.

Ndivyo ilivyoanza. Jirani mmoja alikuja kusaidia kutwanga, akaleta mwingine. Utaratibu ulijiunda wenyewe. Wawili wanasimama wakielekeana, lakini hawatazamani. Macho yote kwenye majani. Anayetaka kusema anasema. Hakuna anayemuuliza swali, hakuna anayemwambia pole. Akilia mkono ukalegea, mwenzake anaushika mdundo, na mmoja wa waliokaa anainuka kumpokea mchi. Jambo moja tu lilikuwa mwiko: mdundo hausimami mpaka msemaji mwenyewe aseme, "Nimefika." Hapo ndipo sombe inachotwa, inamiminwa sufuriani, inatiwa mawese, na watu wanakula. Wengine walifika siku hiyohiyo. Annick, aliyebeba maiti ya mume wake kwa mkokoteni kutoka kijiji hadi kijiji, alifika baada ya Alhamisi nyingi. Kila mmoja na safari yake.

Siku moja alikuja kijana aliyeitwa Valère, msomi wa Goma, aliyekuwa na shirika dogo lenye ofisi ya chumba kimoja huko Bukoto. Alikuja na muuguzi, Estelle. Walikaa chini pamoja na wengine, wakala. Alipokuwa anaondoka aliuliza, "Mama Gradi, kitu gani kinawakosa hapa?"

"Paa," akajibu Kahambu. "Mvua ikinyesha tunatawanyika kama kuku."

Valère aliandika kwa wafadhili, na paa likaja. Chini ya paa ikaja nyumba nzima ya kupanga, yenye geti la chuma, choo kisafi, viti vya plastiki, na chumba cha Estelle chenye kitanda cha wagonjwa na dawa kabatini. Nauli ikaja pia, ili hata mwanamke wa Kisenyi, katikati ya jiji, aweze kufika. Mtu asijidanganye kwamba vilikuwa vitu vya ovyo. Annick, aliyekuwa akivuja damu kwa siri, alipelekwa hospitali akapona. Wasichana walipata mahali pa kukimbilia. Kahambu mwenyewe akapewa mshahara, na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Gradi akasoma bila kurudishwa nyumbani. Alhamisi Kahambu alikivaa kile kitambulisho hata akiwa anatwanga, kikawa kinarukaruka kifuani, na akina mama wakamtania: "Mama Gradi, hata kinu iko inakuogopa sasa!"

Halafu wageni wa ng'ambo wakatangaza kuja. Kila kitu kilichonunuliwa kwa fedha zao kilipaswa kuwa na kibandiko chenye bendera mbili. Estelle alizunguka nyumba nzima na kibunda cha vibandiko: kiti, friji, kitanda, saa ya ukutani. Kinu alikipita.

"Na hiki?" Kahambu akauliza.

"Hicho ni chako, Mama Gradi."

"Na mimi ni wa nani? Mimi si wa shirika?"

Aliona kinu kimesimama uchi, kama mtoto mmoja asiye na sare katika darasa la wenye sare. Kibandiko hakikushika kwenye mti wenye mafuta ya mawese, kwa hiyo Bienfait alikata kibati, wakakigandisha kile kibandiko juu yake, na Kahambu mwenyewe akashika misumari seremala akipigilia. Wageni walikuja, wakakipenda kuliko friji. Walipiga picha nacho, mmoja akajaribu mchi akakosa majani akapiga ukingo, na watu wote wakacheka.

Kwa miaka miwili kulikuwa na mwanamke aliyekuja kila Alhamisi bila kushika mchi. Aliitwa Esperance. Aliosha masufuria, alifagia, alichambua majani kutoka kwenye vikonyo, na akaenda zake. Hakuna aliyemsukuma. Januari ya mwaka 2025, Alhamisi ya joto isiyo na upepo, Esperance alifuta mikono yake kwenye kitenge, akauchukua mchi uliokuwa ukutani, akaja akasimama mbele ya Kahambu.

Wakaanza. Alitwanga vizuri, kwa mkono wa mtu aliyezaliwa na kinu. Kwa muda mrefu hapakuwa na neno. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya chini, na wote waliokuwa barazani wakaacha walichokuwa wakifanya. Alisema kuhusu asubuhi ile, kuhusu jirani aliyewaamsha, kuhusu njia ya migomba. Alikuwa na watoto wawili na mikono miwili, na mzigo. "Tulipofika kwa daraja," akasema, "yule mukubwa nikamupa dada yangu amushike mukono. Na yule mudogo..."

Geti likagonga ukuta. Valère aliingia amebeba simu mbele yake, kama mtu aliyebeba kitu kinachochuruzika.

"Simameni," akasema. "Mama Gradi, simameni. Wafadhili wameandika kwamba kazi yote isimame. Sasa hivi, ukishasoma tu. Kila kazi."

Na Kahambu akasimama.

Mchi wake ulibaki hewani. Mchi wa Esperance ulishuka peke yake, ukaita, na hapakuwa na wa kuuitikia. Esperance akainua macho kutoka kwenye majani, akamtazama Kahambu usoni kwa mara ya kwanza. Mdomo wake ulikuwa bado wazi kidogo. Kisha akaufunga. Aliuegemeza mchi ukutani polepole, kama unavyomlaza mtoto ambaye hutaki aamke.

"Nitamalizia Alhamisi," akasema.

Sombe ilikuwa bado na nyuzi. Annick aliifunga kwenye mfuko wa plastiki akaenda nayo nyumbani, kwa sababu chakula hakitupwi.

Hapakuwa na Alhamisi iliyofuata. Kwa wiki kadhaa walisubiri, wakisikia leo kwamba mambo yatarudi, kesho kwamba hayatarudi. Estelle aliondoka na koti lake jeupe mkononi. Mwenye nyumba alitaka nyumba yake. Mwishowe likaja lori kukusanya kila chenye bendera mbili na kukipeleka katika bohari la Bukoto, mpaka watu wa mbali waamue cha kufanya nacho. Wachukuzi walibeba viti, wakabeba kitanda, wakakiinamia kinu.

"Hicho changu!" Kahambu akapiga kelele.

Mmoja wao akapangusa kibati kwa kiganja. "Mama, soma."

Hakuwa na haja ya kusoma. Alisimama getini akiutazama mgongo wa lori ukipanda kuelekea barabarani, na kinu kikiwa kimelala ubavu juu ya viti.

Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye ulimi, alisimama kando yake. "Mtegemea cha nduguye hufa masikini," akasema, si kwa ubaya sana.

"Lakini hicho hakikuwa cha ndugu," Kahambu akajibu. "Kilikuwa changu. Ni mimi niliyempa ndugu."

Akina mama walitawanyika. Bila nauli, wale wa Kisenyi hawakufika, na walioweza kufika kwa miguu hawakuwa na pa kufika. Esperance, ambaye kodi yake ilimshinda, alienda kambi ya wakimbizi ya Kyangwali kwa binamu yake aliyekuwa na kishamba cha kulima. Hakuaga. Baada ya muda alipiga simu, kwa namba ya mtu mwingine, na upepo ulikuwa mwingi katika simu hiyo.

"Mama Gradi, kinu iko?"

"Iko Bukoto. Wameifungia."

"Ah." Upepo. "Basi siku utaipata, unitumie habari. Nitakuya. Niliacha maneno pale kwa daraja."

"Sema hapa kwa simu, mama. Niko nasikiliza. Sitakukata."

"Bila muchi?" Esperance akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nitashika nini?"

Tangu siku ile Kahambu alikuwa na kazi moja tu moyoni, hata akiwa na kazi nyingine mikononi. Aliwafulia watu katika maghorofa ya Bukoto, akianika mashuka yao juu ya paa, na kutoka juu ya mojawapo aliliona bohari: ua mpana, magari meupe yaliyopangwa, magurudumu yakiishiwa upepo, na mlinzi kwenye kiti chini ya mwavuli. Siku ya tatu ya kulitazama aliteremka, akaenda getini.

Mlinzi aliitwa Obita, mtu wa Gulu, mtoto wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi.

"Mama, hapa hapana duka. Unataka nini?"

"Nataka kinu changu, afande."

"Kinu?" Akalitafuna neno. "Mimi iko na gari. Iko na kompyuta, friji. Kinu..." Akaingia ndani, akakawia, akarudi akicheka peke yake. "Iko! Hiyo ndiyo mimi nakalia kama nakunywa chai!"

"Basi nipe."

"Iko na bendera. Kitu ya bendera hapana toka bila karatasi."

"Karatasi anatoa nani?"

"Bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Walifukuza yeye."

"Na bosi wa bosi?"

"Alirudi kwao kwa ndege. Nasikia na yeye, huko huko, walifukuza."

"Na wewe hawajakufukuza?"

Obita akafikiri kwa uzito wote. "Mtu ya kufukuza mimi walifukuza yeye kwanza."

Kahambu akamtafuta Valère. Alimkuta Kisenyi, katika duka la jumla la vitenge la Msomali mmoja, akikunja nguo na kuzipanga kwa rangi, amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kama zamani. Aliposikia habari ya kinu alikaa juu ya robota.

"Niliandika, Mama Gradi. Si kwa ajili ya kinu tu, kwa ajili ya vyote. Barua zinarudi. Zile anwani hazina mtu tena. Ni kama kupiga mpira ukutani." Alikikunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa. "Unajua ninachofikiri kila siku? Ningengoja nje. Ile barua ilikuwa mkononi mwangu, hakuna aliyekuwa ananiona. Ningesimama nje ya geti, nikasikiliza mpaka aseme amefika. Kisha ndiyo ningeingia."

"Nami ningeendelea kutwanga," Kahambu akasema. "Mchi haukuwa wa mshahara. Sijui mkono wangu ulijifunza lini kuwatii."

Mteja aliingia akitaka kitenge cha kijani, na Valère akainuka.

Alhamisi iliyofuata Kahambu alirudi bohari na bakuli la sombe iliyoiva, kwa sababu mikono mitupu hailambwi. Obita alionja kwa mashaka, kisha akaita kuelekea chumba cha ulinzi: "Akwero! Kuja uone majani ya Kongo!" Akatoka mke wake, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha ghafla, nao wakala pamoja, wakikomba bakuli.

"Ng'oa misumari, mutoe hiyo bendera," Akwero akamwambia mumewe. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kesho wakikuja hesabu vitu, nani ataenda jela? Bendera?" Akainamia bakuli. Aliponyanyua tena uso wake, hakuwa anamtazama yeyote. "Wakati wa vita, mama yangu alikuwa na kinu kwa kambi ya wakimbizi. Lori ilileta mahindi, wamama walitwanga kutwa. Siku moja lori ikaacha kuja. Mimi nakumbuka ile kunyamaza. Hata kuku walitembea pole pole."

Kisha Obita akainuka, akafungua kufuli la bohari.

"Kinu hapana toka," akasema kwa sauti ya amri. "Lakini hakuna mtu aliandika kwamba mama hapana ingia."

Walikivuta wawili, pamoja na michi yake, mpaka kivulini, kati ya gari na gari. Kilikuwa na vumbi na duara la kikombe cha chai ukingoni. Kahambu alikiosha kwa maji ya bomba, akatia mkono ndani mpaka kwenye kitako, akakuta ufa mdogo ambao haukuwapo. Ukiwa umelowa hivyo, mti ulitoa tena, kwa mbali sana, ile harufu ya fenesi. Ilibidi asubiri kidogo kabla ya kutia majani mabichi aliyokuwa ameyaleta mfukoni.

Akwero alishika mchi wa pili. Aliushusha kwa nguvu na kwa nafasi ndefu, kama mtu anayetwanga mtama kwao.

"Weye, unatwanga ao unauwa nyoka?"

"Wewe ndiyo nakimbia! Nyoka iko nyuma yako?"

Walicheka, wakapotezana, wakapatana. Mdundo ukapita juu ya magari meupe, na kwenye baraza za maghorofa watu wachache walichungulia kutazama ni nini. Hakuna aliyesema hadithi siku ile. Akwero alianza neno moja kwa Kiacholi, akaliacha, na Kahambu hakusimamisha mkono.

Jioni alipiga ile namba ya upepo. Haikupatikana. Alimpa habari mfanyabiashara wa maharage anayekwenda Kyangwali: mwambie Esperance kinu kimepatikana, kiko ndani ya geti, lakini kinatwanga. Majibu yalirudi na maharage: amesikia, amefurahi, atakuja baada ya mavuno. Mavuno yalikuja, yakapita. Mfanyabiashara alisema safari ile hakumwona. Wengi walikuwa wamehamia upande mwingine wa kambi, karibu na maji, kwa sababu posho ya chakula ilikuwa imekatwa nako huko.

Annick hufika siku hizi, anapopata lifti. Erinayo alikuja mara moja kutoka Bwaise, akisingizia kuleta viatu vya Obita, akakaa juu ya boneti la gari na kulala.

Kahambu bado anapanga Bwaise, chumba kile kile. Siku nyingine zote anafua nguo. Alhamisi mchana yuko nyuma ya geti la Bukoto, anatwanga na Akwero, na simu yake imewekwa juu ya kiti cha plastiki karibu na kinu, isije ikaita asisikie. Esperance yuko Kyangwali.